Uji wa Shuleni au Sahani ya Mjamzito: Shilingi ya Lishe Ianzie Wapi?

Iringa, Njombe na Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayoilisha Tanzania, lakini utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta kwamba karibu asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, na Njombe na Rukwa ni karibu nusu ya watoto, ilhali wastani wa nchi ulikuwa asilimia 30. Wastani huo umeshuka kutoka asilimia 42 za mwaka 2010, kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba juhudi zote zimepotea. Mjadala uliopo ni wa mahali pa kuweka fedha chache za lishe: kwa mjamzito na mtoto mchanga, au katika sufuria ya uji na makande ya shule ya msingi.

Wanaomtanguliza mjamzito wana ushahidi mzito. Nchini Gambia, wajawazito wa vijiji 28 walipewa biskuti zenye nishati nyingi kwa utaratibu wa majaribio, na uzito wa kuzaliwa wa watoto wa msimu wa njaa uliongezeka kwa wastani wa gramu 201, huku ule wa watoto wa msimu wa mavuno ukiongezeka gramu 94 tu; yaani msaada ulizaa zaidi pale mama alipokuwa na upungufu zaidi. Nchini Guatemala, vijiji vilivyopewa uji wenye protini kati ya mwaka 1969 na 1977 vilifuatiliwa kwa miongo kadhaa, na wanaume walioupata kabla ya kufikisha miaka mitatu walikuja kulipwa kwa saa karibu asilimia 46 zaidi ya wenzao, faida ambayo haikuonekana kwa walioupata wakiwa wakubwa zaidi. Tena, mfereji wa neva wa mtoto, unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, hufunga takriban siku 28 baada ya mimba kutungwa, wakati ambapo wanawake wengi hawajajua kwamba ni wajawazito, sembuse kufika kliniki kupewa vidonge vya madini chuma na asidi ya foliki.

Watetezi wa chakula cha shuleni nao hawaji mikono mitupu. Huko Embu, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1990, watoto wa darasa la kwanza katika shule 12 waligawanywa kwa makundi: wengine walipewa makande yenye nyama, wengine makande na maziwa, wengine makande yaliyoongezwa mafuta, na wengine hawakupewa kitu. Waliokula nyama walifanya vizuri kuliko wote katika majaribio ya kufikiri, na misuli yao iliongezeka. Urefu haukubadilika sana, isipokuwa maziwa yaliwasaidia kiasi watoto wadogo na wale waliokuwa wafupi tangu mwanzo. Hata dai kwamba mlango wa kurekebisha udumavu hufungwa mtoto akifikisha miaka miwili limetiwa shaka, kwa sababu vipimo vya muda mrefu kutoka vijijini Gambia vilionyesha kwamba vijana hufidia sehemu ya urefu waliokosa wanapobalehe.

Nikisoma matokeo haya kwa pamoja, naona pande mbili zinabishania vipimo visivyofanana. Chakula cha shuleni hutetewa vizuri kwa mahudhurio, usikivu na uwezo wa kufikiri, na hudhoofika mara kinapotetewa kwa takwimu za udumavu ambazo zilikwisha kuandikwa mwilini mwa mtoto kabla hajafika darasa la kwanza. Na hapo tunazungumzia chakula chenye nyama, maziwa, maharage au dagaa. Kikombe cha uji wa sembe na sukari kinatuliza njaa, jambo ambalo si dogo, lakini hakifanani na kilichopimwa Embu. Zaidi ya hayo, tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, chakula hicho kimeendelea kutegemea sana michango ya wazazi, na asiye na debe la mahindi ndiye mara nyingi ambaye mwanawe anahitaji kula.

Hata hivyo, hoja ya mjamzito nayo hukosea inapodhani kwamba kinachokosekana ni chakula na elimu tu. Iringa haina njaa ya mahindi. Kinachokosekana katika nyumba nyingi ni muda na nguvu za mama: analima hadi miezi ya mwisho ya ujauzito, anarudi shambani mapema baada ya kujifungua, na mtoto hubaki na dada yake mdogo anayemlisha uji mwepesi mara mbili kwa siku. Mazao yenye thamani huuzwa, mahindi yaliyohifadhiwa vibaya huweza kuwa na sumukuvu, na mashine ndogo ya kusaga kijijini haiongezi virutubishi kama vinu vikubwa vinavyotakiwa kufanya. Ushauri wa kula makundi yote ya vyakula ni sahihi, ila unamwelekea mtu ambaye mara nyingi hashiki fedha ya mavuno. Ndiyo maana bado nauthamini mpango wa lishe ulioanza Iringa mwaka 1983 katika vijiji 168: watoto walipimwa uzito kijijini, matokeo yakajadiliwa na kijiji chenyewe, na malezi ya mtoto wakati mama yuko shambani yakahesabiwa kuwa suala la lishe. Utapiamlo mkali ulipungua.

Kwa hiyo, ikilazimu kuchagua, shilingi ya kwanza naipeleka kwa mama. Lakini utafiti wa 2022 ulikuta pia kwamba asilimia 42 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu, na wengi wao huingia kwenye ujauzito wakiwa nao tayari. Hapa shule inarudi kwa sababu nyingine kabisa: ndipo msichana anapoweza kufikiwa kwa maharage, mboga za majani na vidonge vya madini chuma miaka kadhaa kabla ya mimba. Halmashauri zimeagizwa kutenga walau shilingi 1,000 za lishe kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano, na msichana wa miaka 15 aliye kidato cha pili hayumo katika hesabu hiyo.