Jeraha la Kichwa Lisifungiwe Faili Mapema

Mwaka 2007 madaktari wa Marekani walitoa taarifa ya mwanamume wa miaka 38 aliyepigwa kichwani, akaishi miaka sita na fahamu hafifu mno. Walimpitishia waya mwembamba hadi kwenye thalamasi, sehemu ya ndani inayouamsha ubongo, wakawa wanaichochea kwa umeme. Akaanza kutafuna, kumeza na kutamka maneno.

Mwaka 2023 timu ya madaktari wa Marekani Nicholas Schiff na Jaimie Henderson ikaeleza habari za watu watano walioumia kichwa wakapona nusunusu: kutembea wanatembea, kuongea wanaongea, ila umakini umewatoka. Baada ya kuwekewa waya kama huo wa kuchochea thalamasi, katika jaribio la kuunganisha namba na herufi kwa kalamu, kasi yao ilipanda kwa wastani wa asilimia 32. Mmoja wao alikuwa ameumia miaka 18 nyuma.

Watano ni wachache, na kutoboa fuvu si mchezo. Sidai operesheni hizo zianze kesho KCMC, hospitali yetu kubwa ya Moshi. Ninachodai kinatokana na hiyo miaka 18, kwa sababu huku kwetu miezi sita tu inatosha mtu kukatiwa tamaa. Wengi wanaoletwa na majeraha ya kichwa Moshi ni wa ajali za barabarani, vijana wa bodaboda wakiwa wengi. Binamu yangu, kijana wa Pasua hapa Moshi, aliruhusiwa na hospitali moja kwa maneno haya: "Mama, huyu ndiyo ameshabaki hivyo."

Mama mdogo, mama yake, hakukubali. Akimlisha mtori, anasimamisha kijiko mbele ya mdomo na kungoja. Asubuhi kijana anakitazama, anafungua mdomo mwenyewe. Mchana hakioni kabisa. Mama mdogo anajua saa zake zote za kuwa macho, na hakuna daktari aliyewahi kumuuliza. Inaniuma sana, maana kupanda na kushuka huko kwa fahamu ndiko watafiti wanakokufuatilia.

Tena si lazima kisu. Utafiti wa mwaka 2012 kwa wagonjwa 184 wa majeraha ya kichwa ulionyesha kuwa vidonge vya amantadini viliharakisha nafuu katika wiki nne za kuvitumia.

Mgonjwa wa kisukari ana kliniki yake na tarehe yake ya kurudi, mwaka hadi mwaka. Aliyeumia kichwa naye apewe: apimwe upya fahamu, kumeza na kuongea, pamoja na mtu wa mazoezi ya viungo, hata kama ajali ni ya miaka mitano iliyopita. Na anayemlisha aingie naye chumbani, aulizwe kwanza.