Damu ya kijana wa sheli: akipimwa, anapimiwa nani?

Ukitaja kipimo cha DNA hapa Tanzania, akili ya wengi inakimbilia kwa Mkemia Mkuu na kesi za mtoto ni wa nani. Kipo kipimo kingine ambacho hakitafuti baba wa mtu. Hiki huangalia kama vinasaba vilivyomo ndani ya chembechembe nyeupe za damu vimekatikakatika, na sehemu nyingi duniani wamepimwa nacho watu wanaoshinda na kemikali za kuleta saratani. Wamo wahudumu wa vituo vya mafuta. Kwa hiyo swali linakuja lenyewe: vijana wetu wa sheli nao wapimwe?

Tuanze na kinachowadhuru. Petroli ina benzeni, kemikali inayoleta saratani ya damu. Tangi la gari linapojaa, mvuke uliokuwa ndani unasukumwa nje na kumpata aliyeshika nozeli. Kwetu nozeli haishiki dereva, anaishika mhudumu, zamu nzima, siku baada ya siku. Benzeni ikishavutwa, ini huanza kuivunja, na mabaki yake yakifika kwenye uboho, pale damu inapotengenezwa, hugeuka kuwa sumu zinazokata nyuzi za DNA. Hili si jambo la kubahatisha. Mwaka 1974 daktari Muzaffer Aksoy na wenzake waliripoti wagonjwa 26 wa saratani kali ya damu au hali inayoitangulia miongoni mwa mafundi viatu wa Istanbul waliokuwa wakitumia gundi yenye benzeni. Miaka 30 baadaye, uchunguzi wa wafanyakazi 250 wa viwanda vya viatu huko Tianjin, China, ulionyesha chembechembe nyeupe zimepungua hata kwa waliovuta chini ya sehemu 1 ya benzeni katika sehemu milioni ya hewa, kiwango ambacho sheria ya Marekani inakiruhusu kazini.

Wanaotaka damu ipimwe wanasimama hapo. Wanasema saratani huchukua miaka kujitokeza, na ukiisubiri umechelewa. Kipimo chao maarufu kinaitwa cha nyotamkia. Tone la damu linatosha. Chembechembe hutandazwa kwenye kioo ndani ya jeli, ganda lake linayeyushwa, kisha umeme unapitishwa. DNA iliyo nzima hubaki imejikusanya, iliyokatika huvutwa upande wa chanya, na chini ya hadubini unaona kichwa na mkia. Mkia ukiwa mnene, vinasaba vimekatika sana. Kipo na kingine, cha kuhesabu viini vidogo vinavyoachwa nyuma chembe inapogawanyika. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya kufuatilia watu zaidi ya 6,700 kutoka nchi 10. Waliokuwa na viini vidogo vingi walipata saratani zaidi ya waliokuwa navyo vichache.

Zaidi ya mara ngapi, lakini? Watu waligawanywa makundi matatu kwa wingi wa viini hivyo, na wakilinganishwa na kundi la chini, kundi la kati lilikuwa na hatari mara 1.84, na kundi la juu mara 1.53. Soma tena hapo. Wenye viini vingi kabisa hawakuwa na hatari kubwa kuliko wa katikati. Kwa watu maelfu, tofauti hiyo na kundi la chini ina maana. Kwa kijana mmoja anayesubiri majibu yake mkononi, haimwambii chochote cha kumpangia maisha.

Tatizo jingine ni kwamba mkia hauna jina la aliyeukata. Sigara hukata, jua kali hukata, maambukizi na mazoezi mazito hukata, umri nao una lake. Kijana anayetoka zamu na kupanda bodaboda katikati ya moshi wa magari, kisha akakaa karibu na jiko la mkaa, damu yake imebeba vyote hivyo kwa pamoja. Tena mikato mingi mwili huishona ndani ya saa chache, kwa hiyo damu iliyochukuliwa asubuhi ya siku ya mapumziko inaweza kusimulia habari tofauti kabisa na iliyochukuliwa mwisho wa zamu. Maabara nazo hazisomi mkia kwa namna moja. Mionzi tu ndiyo imepata bahati: alama inazoacha kwenye kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba, zinafahamika vizuri kiasi kwamba baada ya ajali ya mionzi ya Goiânia, Brazil, mwaka 1987, wataalamu walikadiria kutoka kwenye damu kila mtu alipata mionzi kiasi gani. Benzeni haijafikia huko.

Hata hivyo sikubaliani na wanaokitupa kipimo chote. Kwa moshi unaoshambulia mapafu, damu ni jirani tu aliyesikia kelele. Kwa benzeni, damu na uboho ndiyo nyumba yenyewe iliyovamiwa.

Kinachonitia wasiwasi ni mahali majibu yatakapokwenda. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inadai wafanyakazi wapimwe afya, na hilo ni jema. Lakini majibu ya vinasaba yakimfikia mwajiri yakiwa na jina la mtu, njia rahisi kwake ni kumwondoa mwenye mkia mrefu na kuajiri mwingine, nozeli ikabaki ileile na mvuke uleule. Ugonjwa wa pampu unakuwa umegeuzwa ugonjwa wa mhudumu.

Ningependa kipimo hiki kitumike kwa kundi, bila majina: wahudumu na wauza duka wa mtaa huohuo, wa umri unaokaribiana, wavutaji sigara wakiandikwa pembeni, damu ichukuliwe kabla na baada ya zamu, na hewa ya pale pampuni ipimwe siku hiyohiyo. Mhudumu mmoja mmoja atafaidika zaidi na hesabu ya kawaida ya damu, ambayo hospitali nyingi zinaifanya, ikirudiwa kila mwaka na kulinganishwa na ya mwaka uliopita. Na kifaa cha kunyonya mvuke kwenye nozeli hakihitaji kusubiri majibu ya damu ya mtu yeyote.