Dole la Babu

Naona Makame, mwenzangu wa kupanda, ameshawarushia ile sauti yake, kicheko mwanzo mpaka mwisho, na baadhi yenu mnaniandikia "pole na dole". Haya, nami natoa yangu kabla yake haijafika Wete. Mliokuwepo Mtende siku ile nyamazeni kwanza, mtasema baadaye.

Kwa wageni wa ukurasa huu: sisi ni wale wendawazimu wa kupanda mawe ya pwani bila ya kamba. Jiwe la mita 3 au 4, godoro chini, na mwenzio nyuma yako kanyoosha mikono. Kazi yake si kukudaka ukamwangukia, ni kukuelekeza kwenye godoro ili kichwa na mgongo visitangulie. Mawe yetu ni matumbawe ya kale, makali, na bahari imeyala kwa chini yakabaki kama uyoga. Ndiyo maana kila njia nzuri huanzia chini ya paa na kumalizikia kwenye ukingo usiouona mpaka umeshaushika.

Na tuna sheria zetu, tena kali kuliko za ligi. Wa kwanza kuipanda njia ndiye anayeipa jina na kupendekeza daraja la ugumu wake. Lakini aipande kweli: aanzie pale pa kuanzia, kitako chini ikiwa njia ni ya kuanza umekaa, asiguse godoro, asiguse mchanga, asimguse mtu, na amalizie kwa kusimama wima juu. Ukigusa mtu, hata kwa ncha ya kidole, imefutwa, shuka uanze upya. Hakuna refa. Kuna uaminifu tu, na Makame mwenye simu.

Halafu ipo adabu ya kusubiriana. Mtu akiona njia, akaisafisha mchanga na magamba (mswaki wa nailoni jamani, si brashi ya waya, waya unachuna ngozi ya jiwe), akavigonga vishikio kwa ngumi kusikiliza vipi vinalia utupu, basi anafunga utepe kwenye kishikio cha mwanzo. Maana yake: ndugu zangu, naomba muda. Si hati ya kiwanja. Ukikaa nao misimu na misimu, watu wataupita na hukumu iko upande wao, ingawa wapo waliovumiliwa: Nalle Hukkataival wa Finland alilihangaikia jiwe moja la Lappnor miaka mingi, akalimaliza 2016 na ndipo akaipa njia yake jina la Burden of Dreams. Mimi sikuomba miaka. Niliomba bamvua hili, siku hizi za maji kujaa na kupwa sana, mpaka bamvua lijalo.

Bamvua kwa sababu jiwe lenyewe limesimama majini. Maji mafu hayakupwi vya kutosha, mchanga wa chini haukauki na godoro huna pa kuliweka. Siku za bamvua, saa 4 asubuhi bahari imekwenda zake mbali, unapata mchanga mkavu na saa mbili za kucheza. Saa 10 alasiri pale pale maji yako kifuani. Jiwe likirushiwa maji ya chumvi liache likauke kwanza, vinginevyo chaki inageuka tope vidoleni. Na kwa wanaoniuliza kila siku: chaki ya ubaoni haifai. Tafuta magnesiamu kaboneti, ile wanayojipaka wacheza sarakasi.

Sasa, utepe. Wapandaji wengi duniani hufunga mwekundu. Nikakata kipande cha kitambaa chekundu, nikakifunga kwenye jiwe, ufukweni, Unguja kusini.

Najua. Wenye akili zenu mmeshashika kichwa. Subirini.

Bamvua la pili tunarudi, Makame kabeba godoro kichwani, mimi nimebeba majivuno. Utepe wangu upo. Pembeni yake umefungwa mweupe. Chini yake mweusi. Na kwenye kijishimo pale chini kuna kisahani, ndani yake yai, na jivu la ubani. Mtu mwenye akili timamu hapo anasema salaam aleikum anarudi kinyumenyume. Mimi nikamwambia Makame, "Yakhe, hawa ni wapandaji wa Paje! Wamejiandikisha foleni kwenye njia yangu!"

Makame akauliza, "Na yai?"

Nikamjibu, "Protini."

Alicheka au hakucheka sikumbuki, nilishapandwa na hasira, navaa viatu. Leo ni leo, nikijichelewesha mtu wa tepe nyeupe atakuja aite njia yangu jina la mbwa wake. Jina nilishakuwa nalo: Mfalme wa Bamvua. Daraja nilishaandika kichwani, 6C kwa hesabu za Fontainebleau, kipimo cha ugumu cha wapanda mawe.

Naomba twende polepole hapa, maana Makame kaparuka.

Nimekaa kitako. Mikono miwili kwenye tundu la usawa wa magoti, kisigino cha kulia juu ya ukingo mdogo pembeni. Nikavuta, kitako kikaacha mchanga. Mkono wa kushoto ukaenda kwenye kishimo cha vidole viwili, kile kikali kilichonila ngozi safari iliyopita, leo nimefunga plasta. Kimekaa. Tumbo nimelikaza miguu isipeperuke, maana chini ya paa mguu ukitoka mwili wote unabembea na ukibembea ushagusa godoro. Mkono wa kulia ukaruka kwenye ukingo. Umeshika! Wa kushoto ukaufuata. Sasa nimening'inia kwenye ukingo kwa mikono miwili, kisigino nimekipandisha usawa wa sikio, na kilichobaki ni kujipakia juu. Yaani unapeleka mkono mmoja ndani, mbali, kwenye sehemu usiyoiona, unapapasa mpaka upate kitu cha kushika, unakikandamiza, mwili unapanda.

Na hapo, ndugu watazamaji, badala ya kunyamaza nikatangaza. Jina hutajwa ukishasimama. Mimi kitako kiko hewani, napiga kelele kwa ajili ya simu ya Makame: "Mfalmeee wa Bamvuaaa!"

Mkono ukaingia ndani. Ukapapasa. Jiwe, jiwe, mchanga kidogo, jani kavu. Halafu ukakuta kishikio. Kishikio kizuri ajabu! Kimejaa mkononi, kina shingo nyembamba nyuma ya kichwa, unakizungusha vidole vyote. Nikakibana. Nikakivuta kwa uzito wangu wote.

Kilikuwa na joto.

Nikajiambia, jua. Nikavuta zaidi. Kishikio kikajikunja.

Sauti ikatoka juu, ya mtu aliyeamshwa, haina haraka wala hasira: "Mwanangu, hilo ni dole langu gumba. Unalipeleka wapi?"

Nisingeanguka ningefanya nini? Ila sikuanguka mara ile, na hili ndilo Makame analolirudia kwenye ile sauti. Niliendelea kulishika. Kidogo tu, sekunde chache, uso wangu ukiwa usawa wa kisigino cha mzee wa watu, nikasema kwa heshima zote, "Shikamoo, babu."

"Marahaba. Liachie."

Nikaliachia. Godoro lilikuwepo, Makame hakuwepo, alishalala mchangani anajipigapiga mapaja.

Kumbe nyuma ya jiwe, upande wa genge la mawe, kuna njia ya kupandia ambayo watoto wa pale wanaipita peku. Babu hupanda huko kila bamvua, hujinyoosha chini ya kivuli cha mti, husubiri maji yarudi atupe mshipi, kwa sababu chini ya paa langu, pale pale nilipokaa kitako, maji yakijaa hukaa chewa. Na jiwe lina jina tangu kwa babu zake. Jiwe la Chewa. Akanitazama, "We ulikuwa unaita mfalme gani?"

Makame, mnafiki huyu, akadakia, "Babu, msamehe. Hata yule Mjerumani Meyer alipofika Kibo kule Kilimanjaro 1889 alikiita kilele kwa jina la Kaisari wa Ujerumani, na leo tunakiita Uhuru."

Jina la Kaisari lilidumu miongo. Langu halikufika adhuhuri.

Habari ya vitambaa akatueleza anajizuia kucheka. Kina mama wa mwani waliona chekundu, wakajua pamepata wenyewe, mizimu. Mmoja akafunga cheupe, mwengine cheusi, aliyekuwa na mgonjwa akaleta yai. Watu wamekuwa wakipita kwa mbali tangu bamvua lile, na babu alishaanza kujiuliza mbona hasalimiwi.

Tungeishia hapo ningepona. Lakini Makame akamgeukia babu, "Ruhusa nijaribu mimi?" Aliomba! Mimi hata siku moja sikuwahi kufikiri pana wa kuombwa. Babu akavuta miguu yake ndani. Makame akakaa kitako, tundu, kishimo, ukingo, kisigino, mkono ndani, jiwe tupu, akajipakia, akasimama wima. Safi, hakugusa kitu. Nilitamani aguse kitu. Yangu imefutwa kwa kugusa mtu, muda wa utepe wangu umekwisha, na yeye ndiye wa kwanza. Kwa sheria ninazowahubiria nyinyi humu kila wiki, jina ni lake.

Jiwe linabaki Jiwe la Chewa, hilo hatugusi. Njia ya usoni, ya kuanza umekaa, imeandikwa daftarini: Dole la Babu. Babu kapendezwa nalo mno. Daraja kaweka 6A. Sita A, rahisi kuliko yangu! Anasema njia ambayo mtu anafika juu huku anapiga kelele haiwezi kuwa 6C.

Yaliyofuata ni ya kawaida: tukaenda kwa sheha kueleza, tukanywa kahawa, tukafundishwa, mimi nikalipia halua, vitambaa akavifungua babu mwenyewe, na yai tukaambiwa tusiliguse.

Katika kahawa hizo tukasahau saa. Tuliporudi maji yameshajaa na godoro limeondoka, sponji inaelea wala haiagi. Tabaka la juu ni gumu, la chini laini, turubai ya buluu, mkanda mmoja umekatika. Aliyeko Makunduchi akiliona aniandikie faragha. Mimi, si Makame.