Goli Lililochelewa Miaka Miwili

Wadau, najua ile sauti ya kurekodi imeshawafikia. Ile ya jamaa yangu fundi friji, anacheka weee kabla hajasema neno, halafu anadai eti Jumatano ya dabi ya Simba na Yanga nilipandwa na mashetani ndani ya banda umiza, lile la kulipia kuangalia mpira, hapa Kihonda, Morogoro, nikapasua trei la mayai kwa kichwa. Kwanza, si kichwa, ni kiwiko. Pili, mashetani hayahusiki kabisa. Wahusika ni simu ya kitochi na kituo kimoja cha redio ambacho sikitaji kwa sababu bado nakisikiliza. Nipeni nafasi na mimi, halafu mtaendelea kunicheka mkiwa na taarifa kamili.

Hivi kuna shabiki aliyemaliza msimu ule wa 2024/25 na akili zake zote? Dabi ya Machi 8 nilikula futari mbiombio niwahi benchi la mbele, kiingilio nimeshalipa tangu mchana. Simba tukasema hatuchezi, kisa usiku wa kuamkia mechi tulizuiwa kufanya mazoezi kwa Mkapa, uwanja wenyewe wa mechi. Bodi ya Ligi ikaahirisha. Yanga wakaenda uwanjani hivyo hivyo, wenyewe. Mwenye banda akatuwekea muvi iliyotafsiriwa, na hela hakurudisha: "Mlilipia kuangalia, si mnaangalia?" Kiporo kikapangwa Juni 15, safari hii Yanga ndio wakasema hawachezi. Kikasogezwa Juni 25. Hapo katikati fainali yetu ya Kombe la Shirikisho Afrika na Berkane ya Morocco ikahamishwa kwa Mkapa ikapelekwa Amaan, Zanzibar, tukatoka 1-1, na kwa vile mechi ya kwanza kwao tulishapigwa, kombe likapanda ndege kwenda Morocco.

Sasa inafika Juni 25, mechi ya kufunga hesabu. Waamuzi wametolewa Misri. Yanga 79, sisi 78. Wao sare inawatosha, sisi ni kushinda au kulala. Mtu aliye katika hali hiyo unamwachaje karibu na redio?

Kwa wasiofahamu: picha ya king'amuzi huwa inachelewa. Inapanda kwenye satelaiti, inashuka, inapita huko inakopita, ikifika Kihonda ule mpira ulishatoka nje na umeshatupiwa ndani. Redio haina mlolongo huo. Mtangazaji yuko pale pale uwanjani, akikohoa umesikia. Nikachukua kitochi changu, na kitochi bila waya wa hedifoni redio haishiki vizuri, waya ndio antena yake kubwa. Nikaupitisha ndani ya jezi, ukatokea kolani, ukaingia sikio la kushoto. Juu mzula. Nani angejua?

Kipindi cha kwanza kilikuwa changu. Mpira uko katikati, mimi nasema taratibu tu, "Hii itazaa kona." Kona hiyo. "Hapo kuna mtu ataanguka." Kaanguka. "Anachukua kadi huyo." Refa mkono mfukoni. Mapumziko watu wameshaanza kuniita Nabii. Kuna mzee mmoja wa Yanga, mtu mzima mwenye kibaraghashia, akasogea akaniuliza kwa heshima zote, "Mwanangu, hii mechi unaionaje mwisho wake?" Nikamwambia, "Mzee wangu, kaa karibu na mlango." Mnaniona nilivyokuwa nimevimba?

Kipindi cha pili kikaanza. Bado 0-0. Dogo wa mayai ya kuchemsha kaingia na trei lake begani, kachumbari kwenye kindoo, anapita nyuma yetu anagongesha vijisarafu. Sikioni mtangazaji anaeleza mambo ya kawaida, mpira wa kurusha. Halafu ghafla sauti ikabadilika, kelele za uwanja zikapanda, na nikasikia, wallahi nikasikia: "Kibu Denis... Kibu Denis... anapigaaa... gooooooli!"

Jamani. Ningejizuiaje?

Niliruka. Nikapiga ukelele ambao sikujua kama ninao: "Gooooli! Kibuuu!" Na kwa kuwa mimi ni Nabii, hakuna Mnyama, yaani shabiki wa Simba, hata mmoja aliyesubiri ushahidi. Upande wetu wote ukanyanyuka. Benchi likabaki na baba mmoja mnene kwenye ncha, likainuka upande wa pili, akaenda chini taratibu huku ameshika soda yake. Kiwiko changu ndipo kilipokutana na trei. Mayai yakaenda hewani, mengine yakaangukia upande wa Yanga, na hawakulalamika, walikuwa wameshika vichwa. Fundi friji akavua jezi akawa anaizungusha, machozi yanamlengalenga (hiki kipande kwenye sauti yake amekikata, muulizeni kwa nini). Yule mzee wa kibaraghashia akainuka polepole, akatafuta kandambili zake kwa miguu, akatoka. Nilimshauri akae karibu na mlango, si mnakumbuka?

Tukashangilia mpaka pumzi zikaisha. Kisha wote, kwa pamoja, tukageukia kioo kulipokea goli letu.

Kwenye kioo mchezaji anafuta mpira kwa jezi anajiandaa kurusha. Karusha. Ukarudi kwa beki. Beki kampa mwenzake. Mwenzake kamrudishia.

"Tulieni," nikasema, mikono bado iko juu. "Linakuja."

Beki kampa kipa.

"Linakuja lini?" akauliza mtu kutoka sakafuni. Ni yule baba wa benchi.

"King'amuzi chenu kinachelewa sana, semeni kwa mwenye banda."

Banda lote likanyamaza. Watu zaidi ya arobaini wamesimama wanasubiri goli ambalo nimewaahidi mimi. Kibu mwenyewe kwenye picha hayupo. Na sikioni, kelele za uwanja zikazimwa taratibu kwa muziki wa kinanda, akaingia dada mwenye sauti nyororo: "Ilikuwa Aprili 16, 2023, Simba wakiichapa Yanga mbili bila. Kumbukumbu za dabi, zinaletwa kwenu na magodoro..."

Sasa niwaulize. Siku ile tulifunga mawili. La kwanza Inonga, dakika ya kwanza tu. Wangeniwekea la Inonga ningeshtuka, Inonga alishaondoka zamani. Wakaona waweke la Kibu, ambaye siku hiyo alikuwa bado ni wetu! Hii si hujuma?

Nikawa nimesimama, sijui mikono niishushe vipi. Nikaanza kujikuna mzula. Fundi friji akaona waya. Akaniangalia, akauangalia waya, akauvuta. Na kitochi changu kina tabia moja, ukichomoa waya kikiwa kwenye redio sauti inatoka kwenye spika, na spika zake ni zile za kuamshia daku mtaa mzima. Bandani kimya, dada yule akamalizia tangazo lake kwa raha zote: "Lala fofofo, amka mshindi."

Kwa kicheko kilichofuata hamna haja ya maelezo, mnakijua, kwenye ile sauti kinasikika hadi sasa. Wa Yanga walicheka wamelala juu ya mayai. Wa Simba walicheka kwa hasira, na hicho ndicho kibaya zaidi. Mtu akatumwa mbio kumrudisha yule mzee.

Amekaa tu, dakika ya 66, penalti. Yao. Pacome anaweka mpira chini na banda lote, pande zote mbili, limenigeukia mimi badala ya kioo. "Nabii, anafunga?" Simu kanyang'anya mwenye banda, mimi nitajuaje? Kafunga.

Mengine ni haraka haraka. Benchi mguu mmoja umevunjika, nimeshampa fundi seremala. Simu nimerudishiwa, waya hapana. Yanga walifika pointi 82, bingwa mara ya nne mfululizo, na mzee wa kibaraghashia akinikuta njiani ananisalimia "Shikamoo Nabii", mzee wa umri wa babu yangu, na inabidi nijifanye sijasikia. La pili la Mzize dakika ya 86 sikuliona. Nilikuwa nje nimechuchumaa na dogo tunahesabiana mayai, yeye anasema yalikuwa trei zima, mimi nasema mengine aliyauza kabla hajafika kwangu. Banda likalipuka ndani, dogo akasimama kuchungulia, akarudi akaniambia, "Kaka, hili ni la leo."