Kigeu cha mfumo mzima: unakitaka cha nini?

Swali hili halichoki kuulizwa: kwenye Linux na mifumo mingine ya jamii ya Unix, niandike wapi kigeu cha mazingira (jina lenye thamani ambayo programu huisoma) ili kila programu ikione tangu mashine inapowaka? Mmoja atakwambia /etc/profile, mwingine /etc/environment, wa tatu ataapia /etc/rc.local, skripti inayoendeshwa mashine inapowaka. Mimi naona swali lenyewe ndilo lenye kasoro.

Unix haina ghala moja la vigeu. Tangu Toleo la 7 la mwaka 1979, mambo huenda kwa urithi: mchakato (programu inayoendeshwa) ukizaa mwingine, mtoto hupata nakala ya mazingira ya mzazi, isipokuwa mzazi aamue vingine. Mtoto akibadilisha nakala yake, mzazi hana habari. Ndiyo maana kuandika export, amri ya kurithisha kigeu kwa watoto, ndani ya rc.local ni kazi bure: kigeu kinakufa pamoja na skripti hiyo, kikiwa kimewafikia watoto wake tu.

/etc/profile nayo husomwa na sheli ya kuingia (programu inayopokea amri zako unapoingia), tena ya jamii ya Bourne, kama sh na bash. Csh, sheli ya jamii nyingine, ina faili lake, /etc/csh.login. Huduma inayowashwa na systemd, msimamizi wa huduma kwenye Linux nyingi, haipiti kwenye sheli hiyo hata kidogo. /etc/environment huwachanganya wengi zaidi, kwa kuwa linafanana na skripti na si skripti. Kwenye Linux, pam_env, moduli ya mfumo wa kuingia, hulisoma mtu anapoingia. Ukitaka kuongeza folda kwenye PATH, orodha ya folda zinakotafutwa amri, na ukaandika PATH=$PATH:/opt/bin, usitarajie $PATH ya kulia igeuzwe kuwa njia za zamani. Halafu ipo sudo, amri ya kuendesha kitu kwa mamlaka ya msimamizi, ambayo kwa kawaida husafisha mazingira kabla ya kuendesha amri yako.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kigeu kikae karibu na anayekihitaji. Kama ni huduma, tumia systemctl edit, andika Environment= chini ya [Service], kisha iwashe upya. Atakayekuja baada yako ataona kigeu ni cha nani. Ndiyo, DefaultEnvironment= ipo ndani ya /etc/systemd/system.conf na huzifikia huduma zote, lakini ni nadra kukutana na haja inayoistahili. Labda anwani ya proksi. LANG, kigeu cha lugha, pia ni ya wote kwa haki.

LD_LIBRARY_PATH ya mfumo mzima, hapana! Unaziambia programu zote zitafute maktaba kwenye folda yako kwanza, kwa sababu ya programu moja tu. Folda ya /etc/ld.so.conf.d na amri ya ldconfig vipo kwa kazi ya kuuonyesha mfumo maktaba zilipo. Nywila ya hifadhidata ndiyo mbaya kuliko zote, maana utakuwa umeigawa kwa michakato isiyohusika nayo kabisa.

Ukihama Linux, ramani inabadilika. FreeBSD, mfumo mwingine wa jamii ya Unix, ina /etc/login.conf, na ukishaihariri uendeshe amri ya cap_mkdb. macOS iliwahi kuwa na /etc/launchd.conf, ikaacha kuisoma kuanzia toleo la 10.10, mwaka 2014. Maelekezo ya zamani yanayoitaja bado yanazagaa.

Kabla ya kuhariri faili la nne kwa kubahatisha, uulize mchakato wenyewe. Kwenye Linux, tafuta namba yake (hapa tuseme 1234), kisha:

tr '\0' '\n' < /proc/1234/environ

Hapo utaona mazingira ambayo mchakato huo ulianza nayo. Kama kigeu hakimo, kagua aliyeuzaa mchakato huo, uzidi kupanda hadi namba 1, mchakato wa kwanza kabisa, ikibidi.