Kunde za Mwaka Mpya zina wenyewe

Desemba ikifika katikati zinaanza zile klipu za "vyakula vya bahati vya kula mwaka mpya", na mimi huwa naziangalia zote kwa sababu napenda sana habari za chakula, zabibu 12 za Wahispania, adesi za Waitaliano, tambi ndefu za Wajapani, naangalia mpaka mwisho. Juzi ikanijia moja ikanikera mpaka nikaweka simu pembeni. Jamaa anaelezea kwa nini watu wa kusini mwa Marekani wanakula kunde tarehe 1 Januari. Anasema wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe Jenerali Sherman wa upande wa kaskazini alipita na jeshi lake anabeba kila kitu, ng'ombe, nguruwe, mahindi, ila kunde akaziacha maana askari wake walidhani ni chakula cha mifugo, basi watu wa kusini wakazila wakapona na njaa, na tangu hapo kunde zikawa bahati. Imeisha hiyo. Alafu chini yake watu kibao wanaandika "asante kwa elimu", na wengi wao ni Waafrika wenzangu, hapo ndo paliponiuma zaidi.

Hiyo stori ni maarufu sana, hakuitunga yeye, Wamarekani wenyewe wanahadithiana miaka na miaka. Lakini hebu tuiangalie vizuri. Hao "watu wa kusini" ni akina nani? Sherman alitoka Atlanta Novemba 1864 akafika Savannah Desemba, kapita katikati ya jimbo la Georgia, na sensa ya 1860 inaonyesha zaidi ya watu 4 katika kila 10 wa Georgia walikuwa watumwa. Sasa kwenye mashamba yale nani aliyezipanda hizo kunde? Nani alizivuna, nani alikuwa anasimama jikoni anazipika? Stori imezichukua kunde mikononi mwa watumwa ikawakabidhi mabwana zao, njaa ikawa ya mabwana, kupona kukawa kwa mabwana, bahati nayo ikawa yao. Watu weusi hawamo kabisa, yaani hata kwa jina.

Na walikuwepo. Walikuwa maelfu, wanalifuata jeshi hilohilo la Sherman kwa miguu wakitafuta uhuru wao. Tarehe 9 Desemba 1864 pale Ebenezer Creek, karibu na Savannah, jenerali mmoja wa jeshi hilo, Jefferson C. Davis, alivusha askari wake wote alafu akaamuru daraja la kuelea liondolewe kabla hao waliokuwa wanafuata nyuma hawajavuka, huku wapanda farasi wa upande wa kusini wanakuja. Watu wakajitosa kwenye maji, Desemba, baridi, wanawake na wazee na watoto, wengi wakazama. Hiyo ndo safari ya Sherman ambayo tunaletewa kama kahadithi katamu ka kunde zilizosahaulika ghalani. Mimi siwezi kuisikiliza hivyo tena.

Hata tarehe zenyewe hazikubali. Wali na kunde wanaouita Hoppin' John ulishachapishwa kwenye kitabu cha mapishi cha South Carolina mwaka 1847, miaka 17 kabla ya Sherman kukanyaga Georgia. Sawa, kitabu cha mapishi kinathibitisha chakula, hakithibitishi bahati, hapo nakubali. Ila habari ya kwamba kunde ilikuwa kitu cha ng'ombe tu mpaka njaa ilipowafundisha watu kuila, hiyo imekufa. Watu walikuwa wanaila, wanaijua, na wameipa jina.

Tena waliijua kabla hawajafika huko. Kunde ni ya Afrika, ilianza kulimwa bara hili maelfu ya miaka iliyopita na ilivuka bahari pamoja na biashara ya watumwa. Ni zao la watu wasio na nafasi ya kuchagua ardhi, linavumilia jua, linakubali mchanga, linairudishia ardhi rutuba, na majani yake ni mboga. Hadi leo Nigeria ndo inaongoza duniani kwa kuilima. Na huo mchanganyiko wa wali na kunde kwenye sufuria moja usifikiri umegunduliwa South Carolina, nenda Ghana uagize waakye uone utaletewa nini. Matajiri wa mpunga wa Carolina walitajirika kwa kazi na ujuzi wa watu waliotolewa pwani za kuanzia Senegambia mpaka Sierra Leone, ambako mpunga ulikuwa unalimwa zamani sana. Vizazi vya watu hao, Wagullah Geechee, wapo mpaka leo kwenye visiwa na pwani ya South Carolina na Georgia, na wanapika wali wao. Hawa mtu akitaka kuwataja kwenye klipu inamchukua sekunde tano.

Alafu kuna tarehe. Hili watu hawalisemi kabisa na kwangu ndo lenye uzito kuliko yote. Kabla ya uhuru, 1 Januari ilikuwa siku ya kutisha kwa watumwa wa Marekani. Ndo siku wenye watumwa walikuwa wanawakodisha watu kwa mwaka mzima kwa mashamba mengine, na madeni ya mwaka uliopita yanalipwa kwa kuuza watu, kwa hiyo mama anakesha usiku ule hajui kesho watoto wake watakuwa wapi. Halafu ukaja usiku wa 31 Desemba 1862. Watu weusi walikusanyika makanisani kusubiri, maana Rais Lincoln alishatangaza kwamba kuanzia 1 Januari 1863 watumwa kwenye majimbo yaliyoasi watakuwa huru. Najua tangazo lile halikuwagusa watumwa wa majimbo ambayo hayakuasi, na wengi wa wale waliotangazwa huru walisubiri miaka zaidi ndo wauone huo uhuru. Lakini siku ilibadilika. Makanisa ya Wamarekani weusi yanakesha usiku ule mpaka leo, wanauita Watch Night, na kesho yake kwenye familia nyingi kuna kunde mezani.

Sasa jamani, watu ambao 1 Januari ilikuwa siku ya kutenganishwa na watoto wao, ikageuka ikawa siku ya kuachiwa, wakikaa siku hiyo kula chakula cha bibi zao na kuombeana mwaka mwema, hapo Sherman anatafutwa wa nini? Mimi naamini bahati ilitoka hapo. Siwezi kukuonyesha karatasi iliyoandika hivyo kwa sababu waliokuwa wanapika walikatazwa kusoma na kuandika kwa sheria, South Carolina na Georgia zote zilikuwa na sheria hizo, na hiyo nayo ni sababu ya kutowaachia wenye karatasi peke yao watusimulie.

Kuna watakaoniambia kwamba kunde za mwaka mpya zipo hata kwa Wayahudi, na ni kweli, Talmud, kitabu chao cha dini, kwa tafsiri ya wengi inazitaja kati ya vyakula vya kula Rosh Hashanah, mwaka mpya wao, na Wayahudi wengi wenye asili ya Mashariki ya Kati wanazila mpaka leo. Inawezekana kabisa desturi mbili zilikutana huko kusini. Sina shida na hilo, desturi mbili zenye wenyewe si tatizo. Shida yangu ni desturi moja kufutwa wenyewe.

Na yale mambo ya kwamba kunde ni sarafu, majani ya kijani ni noti, mkate wa mahindi ni dhahabu, nguruwe anaenda mbele kwa sababu anachimbua kwa pua akisonga mbele, hayo wale tu kwa raha zao, ni mazuri, watoto wanayapenda. Waitaliano nao adesi zao ni sarafu. Zabibu za Hispania zinasimuliwa kwamba wakulima wa Alicante walizisambaza 1909 kwa sababu mavuno yalizidi, ingawa magazeti ya Madrid yalishaandika habari za zabibu hizo miaka ya nyuma yake, kwa hiyo pale napo stori ya biashara imeipita desturi. Ila pale hakuna aliyenyang'anywa kitu, naiacha.

Ukitaka kuona chakula cha mwaka mpya ambacho wenyewe hawakukubali kunyang'anywa, angalia Haiti. Soup joumou, supu ya boga, na nyama na ndizi na kabichi na karoti ndani. Enzi za Wafaransa supu ile ilikuwa ya mabwana, watumwa ndo walilima boga na kupika lakini haikuwa yao. Tarehe 1 Januari 1804 pale Gonaïves kiongozi wa mapinduzi Dessalines akatangaza uhuru, na tangu hapo kila 1 Januari Wahaiti wanakula supu ileile, kila nyumba inayoweza, na wanapelekeana bakuli majirani. Desemba 2021 UNESCO ikaiandika kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, na ilikuwa mara ya kwanza Haiti kuwekwa kwenye orodha hiyo. Muulize Mhaiti yeyote kwa nini anakula, hatakuletea sarafu wala noti, atakwambia tulikuwa watumwa, tulijikomboa, hii tulikuwa hatuli na sasa tunakula.

Na kwenye ile klipu kuna mtu kaandika kwamba mbona supu hiyo haijawaletea Wahaiti bahati. Nimelisoma hilo mara mbili. Mwaka 1825 Ufaransa ilipeleka manowari ikawataka Wahaiti walipe faranga milioni 150 kufidia mashamba na watu waliokombolewa, yaani waliokuwa watumwa wawalipe waliowatumikisha. Baadaye deni likapunguzwa, lakini walishakopa benki za hukohuko Ufaransa ili kulilipa, na mikopo iliyotokana nalo ilimalizika 1947. Miaka 122 nchi inalipishwa kwa kosa la kuwa huru, na miaka yote hiyo walikuwa wanapika supu yao, na watoto wao walioko Miami na Montreal wanaipika. Anayetengeneza orodha ya vyakula vya bahati mwaka huu aanze na hiyo, alafu akifika kwenye kunde aseme zilitoka wapi.