Kozi ya aljebra dhahania ianze na mahesabu, fasili zifuate

Kozi nyingi za aljebra dhahania (tawi la hisabati linalochunguza miundo ya hesabu badala ya namba zenyewe) za shahada ya kwanza huanza vilevile. Mhadhiri anaandika ubaoni seti na operesheni moja, anaorodhesha masharti manne (jibu libaki ndani ya seti, kuhamisha mabano kusibadilishe jibu, awepo memba asiyebadilisha kitu, na kila memba awe na kinyume cha kumrudisha hapo), anatangaza kwamba kitu chochote kinachoyatimiza kinaitwa kundi, kisha anathibitisha kwamba kila memba ana kinyume kimoja tu. Mwanafunzi ananakili kila neno bila kujua kwa nini masharti ni hayo manne na si matatu au saba. Nimeisoma kozi hii na nimekaa na wanafunzi wengi waliokuwa wakiisoma. Naamini kwa dhati kwamba mpangilio huu unaiumiza kozi nzuri kuliko zote katika shahada ya hisabati.

Hisabati yenyewe haikufuata njia hiyo. Mnamo 1770 na 1771 Joseph-Louis Lagrange alitaka kujua kwa nini kuna fomula za kutatua milinganyo ya digrii ya tatu na ya nne, na kwa nini ya tano inagoma. Akaanza kuangalia kinachotokea ukibadilishana nafasi za majibu ya mlinganyo. Mwaka 1824 Niels Henrik Abel akathibitisha kwamba fomula ya jumla ya digrii ya tano, ya kutumia hesabu nne za kawaida na vipeuo, haipo. Évariste Galois akaeleza sababu yake kwa undani zaidi kabla ya kufariki mwaka 1832 akiwa na miaka 20. Fasili inayokaribia ile tunayoandika ubaoni leo ilitolewa na Arthur Cayley mwaka 1854. Kwa zaidi ya miaka 80 watu wenye vipaji vikubwa walifanya kazi na makundi bila kuwa na fasili yake, na sisi tunampa mwanafunzi fasili hiyo kabla hajakutana na kundi hata moja.

Ningeanza na pembetatu yenye pande sawa. Ikate kwenye karatasi, andika namba kwenye pembe zake, uliza ni kwa njia ngapi unaweza kuiinua na kuirudisha palepale ilipokuwa. Njia ni 6: kuiacha ilivyo, kuizungusha nyuzi 120 au 240, na kuipindua kwa mojawapo ya mistari mitatu. Mwanafunzi ajaze jedwali lote la 6 kwa 6 kwa mkono wake. Atagundua mwenyewe kwamba kuzungusha kisha kupindua hakuleti jibu moja na kupindua kisha kuzungusha, na jambo hilo litamkaa kichwani kuliko sentensi yoyote kuhusu operesheni isiyobadilishana.

Kisha aende kwenye mabaki ya kugawanya kwa 7. Chukua 3 na uizidishe kwa 3 tena na tena, ukibakiza baki tu: unapata 3, 2, 6, 4, 5, 1, yaani unapitia namba zote 6 ndipo unafika 1. Ukianza na 2 unapata 2, 4, 1, hatua 3 tu. Ukianza na 6, hatua 2. Urefu wa safari ni 1, 2, 3 au 6, haijalishi umeanza na namba gani. Kamwe si 4, kamwe si 5. Mwanafunzi aliyeliona hili kwenye daftari lake atadai kuelezwa kwa nini, na hapo nadharia ya Lagrange inaingia kama jibu la swali lake mwenyewe: ukubwa wa kundi dogo (kundi lililo ndani ya kundi lingine, kama 2, 4, 1 ndani ya zile namba 6) lazima ugawe ukubwa wa kundi zima bila kubakiza. Atauliza pia kama kinyume cha kauli hiyo ni kweli, yaani kama kila namba inayogawa ukubwa wa kundi ina kundi dogo la ukubwa huo. Si kweli. Kundi la mipangilio shufwa ya vitu vinne (ile inayopatikana kwa kubadilishana vitu viwili viwili mara shufwa) lina memba 12, lakini halina kundi dogo lenye memba 6. Swali hilo linastahili kipindi kizima.

Lakini mahali ambapo kozi hii hufaulu au huanguka ni kwenye koseti, yaani mafungu unayopata ukichukua memba mmoja wa kundi na kumzidisha kwa kila memba wa kundi dogo. Huko ndiko nimeona wanafunzi hodari wakipotea, na sidhani ni kwa sababu ya uvivu au udhaifu. Mpaka hapo wamezoea kwamba memba ni namba au mwendo fulani. Sasa wanaambiwa wachukue mafungu ya memba, kila fungu walihesabu kama kitu kimoja, kisha wazidishe fungu kwa fungu. Hiyo ni hatua kubwa ya akili, na ratiba nyingi huipa mhadhara mmoja au miwili.

Tuifanye kwa pembetatu yetu. Uite mzunguko wa nyuzi 120 M, na mpinduo mmoja P. Chukua kundi dogo lenye kuacha-ilivyo na P. Koseti zake za kushoto (memba aliyechaguliwa akiandikwa kushoto) ni tatu, na mojawapo ina M na MP, yaani M ikizidishwa kwa P. Jaribu kuizidisha koseti hiyo kwa yenyewe. Ukichagua M na M, unapata M², iliyo kwenye koseti ya tatu. Ukichagua MP na M, unapata P, iliyo kwenye koseti ya kwanza. Fungu lilelile kwa fungu lilelile, majibu mawili tofauti, kwa sababu tu umechagua mwakilishi mwingine. Hesabu imevunjika.

Sasa chukua kundi dogo la mizunguko mitatu. Koseti ni mbili: mizunguko na mipinduo. Mzunguko kwa mzunguko ni mzunguko, mzunguko kwa mpinduo ni mpinduo, mpinduo kwa mpinduo ni mzunguko, yeyote utakayemchagua. Hapa hesabu inasimama, na unapata kundi jipya lenye memba wawili. Tofauti ni kwamba safari hii koseti za kushoto na za kulia ni zilezile. Hiyo ndiyo maana nzima ya kundi dogo nomali. Galois aliiona tofauti hii na kuiandika katika barua aliyomwandikia rafiki yake Auguste Chevalier tarehe 29 Mei 1832, usiku wa kuamkia pambano lililomuua. Maandishi yake makuu yalichapishwa mwaka 1846. Nikisoma kitabu cha kozi kinachotoa sharti la unomali kwa mstari mmoja wa alama, bila mfano wa pale linapokosekana, nasikitika sana. Ukimpa mtu dawa kabla hajauona ugonjwa, hana sababu ya kuimeza.

Ringi, yaani seti zenye kujumlisha na kuzidisha kama namba kamili, zina hadithi ya namna hiyo, nami nitaipita haraka. Katika namba zinazoundwa kwa namba kamili na kipeuo cha pili cha hasi 5, sita ni 2 mara 3, na pia ni (1 + √−5) mara (1 − √−5), na hakuna kati ya hizo nne inayovunjika zaidi. Upekee wa kugawanya katika vigawo tasa umekufa. Mwaka 1847 Gabriel Lamé alitangaza huko Paris kwamba ameithibitisha nadharia ya mwisho ya Fermat (kwamba xⁿ + yⁿ = zⁿ haina jibu la namba kamili chanya n ikizidi 2), na Joseph Liouville akahoji hapohapo kama upekee huo upo katika namba alizotumia. Ernst Kummer alikuwa ameshaonyesha kwamba haupo daima, na Richard Dedekind akaleta ideali (mafungu maalumu ya namba yanayochukua nafasi ya namba mojamoja katika kugawanya) mwaka 1871 ili kuuokoa. Kufundisha ideali bila mfano wa sita ni kuficha sababu ya kuwapo kwake.

Najua hoja ya upande wa pili, na ni hoja nzito. Wanasema nguvu ya somo hili imo katika udhahania wake. Mwanahisabati Mjerumani Emmy Noether alionyesha katika miaka ya 1920 kwamba ukiacha maelezo ya kila mfano na kushika masharti peke yake, uthibitisho mmoja hufanya kazi ya mia. Nakubali kabisa. Lakini tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1907, kule Erlangen, ilikuwa kazi ya mahesabu matupu, yenye orodha ya maumbo ya kialjebra zaidi ya 300 yaliyokokotolewa waziwazi. Mwanamke aliyeifanya aljebra iwe dhahania aliujua uzito wa alichokuwa anakiacha. Mwanafunzi wa mwaka wa pili bado hana cha kuacha.

Kikwazo cha kweli ni muda, na hapo lazima kitu kiondoke. Mimi ningeondoa kwenye kozi ya kwanza nadharia za Sylow, zinazohusu makundi madogo ambayo ukubwa wake ni namba tasa iliyozidishwa kwa yenyewe mara kadhaa. Ni nzuri, nazipenda, lakini kwa wanafunzi wengi zinageuka kuwa mbinu ya kukariri ili kuthibitisha kwamba kundi la ukubwa fulani lina kundi dogo nomali, wakati wao bado hawajui unomali ni wa kazi gani. Wiki hizo zipewe koseti.

Mitihani nayo ibadilike. Badala ya “toa fasili ya kundi dogo nomali”, mtahiniwa apewe simetria za mraba, ambazo ni 8, atafute makundi madogo yote 10, aseme ni yapi 6 yaliyo nomali, kisha kwa mojawapo ya yale 4 yanayobaki aonyeshe kwa hesabu ni koseti gani mbili zinazogoma kuzidishwa.